Mwalimu Aliyemwonea Mkewe Wivu

Kabla hajapelekwa ng'ambo, hakuna aliyewahi kumwona mwalimu huyu akikosa neno. Katika chuo cha wachungaji alikofundisha kwa miaka kumi na minane walimbandika jina la Kamusi, na jina lenyewe likamkaa kama shati la kushonesha. Ukimtajia neno moja la Kigiriki cha Agano Jipya, alikwambia mzizi wake, ndugu zake na majirani zake, kisha akakusahihisha matamshi. Hata mkewe, wakivutana nyumbani, alikuwa akimwambia, "Haya, Kamusi, umeshinda," halafu akaendelea kufanya kile alichotaka kukifanya tangu mwanzo.

Mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Kwa miaka ishirini na miwili alifundisha watoto kushika penseli, kupenga kamasi na kutofautisha b na d. Kanisa lilipoamua kumtuma mumewe kufundisha katika seminari ya nchi nyingine, yeye aliomba kustaafu mapema ili wafuatane, maana watoto wao wawili walishakuwa watu wazima wenye maisha yao. Siku ya kuagwa, waumini walipanga foleni kumpongeza mume. Barua ya utume ilisomwa mbele ya madhabahu, na ilikuwa na jina la mume, shahada zake zote na kazi aliyokwenda kuifanya. Mwishoni kabisa yakaja maneno matatu: pamoja na mkewe.

Seminari yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa majengo manne ya matofali yaliyozunguka uwanja wa kokoto, na katikati ya uwanja pampu ya maji iliyokuwa ikilia kila ikishikwa. Nyumba waliyopewa ilishikana ukuta na maktaba. Mume alichagua chumba cha nyuma kuwa cha kusomea, kwa kuwa dirisha lake lilitazama ukuta na palikuwa kimya. Mke alitoa kiti akakiweka nje ya mlango wa jikoni, kwa kuwa ndani palikuwa na joto. Mlango huo ulifungukia njia ya wanafunzi kutoka mabwenini kwenda madarasani. Ukitaka kujua mambo yote yaliyofuata yalianzia wapi, yalianzia kwenye kile kiti.

Mkuu wa chuo alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye desturi ya kufuta miwani kila anapotaka kusema jambo zito. Alielewana na Kamusi kwa Kiingereza. Siku ya pili tu alimwita ofisini.

"Utafundisha kwa Kiswahili," alisema, "na mkutubi wetu atakutafsiria. Yule aliishi kwenu miaka kumi na miwili akitengeneza magari, lugha yenu anaijua vizuri. Baada ya mwaka mmoja tutakuomba ufundishe kwa lugha ya hapa."

"Mwaka ni mwingi," Kamusi alijibu. "Nipe miezi sita."

Mkuu wa chuo alifuta miwani.

Wakatafutiwa mwalimu wa lugha, bibi mmoja mstaafu mwenye sauti ya mtu aliyezoea kunyamazisha darasa. Alikuja asubuhi tatu kwa wiki, akaketi nao mezani wote wawili. Kamusi alinunua daftari kubwa, akalichora safu kwa rula: nomino huku, vitenzi huku, vighairi kwa wino mwekundu. Baada ya mwezi alikuwa anaweza kukueleza sarufi ya lugha ile vizuri kuliko wenyeji wengi, ila hakuwa amemwomba mtu hata maji ya kunywa. Aliitaka lugha itoke mdomoni mwake ikiwa imeshavaa suti na tai. Maadamu haijawa tayari, alinyamaza.

Mkewe hakuwa na daftari. Alikuwa na mdomo. Neno moja akilipata asubuhi, hadi mchana alishalitumia kwa watu kumi, mara nne kati ya hizo akilikosea. Siku moja sokoni aliagiza mayai, kumbe katika lugha ile yai na jicho ni maneno yaliyopishana sauti moja tu. Akamwambia muuzaji, kwa adabu zote, kwamba anataka macho sita, yawe makubwa, na yasiwe yamepasuka. Watu wakavunjika mbavu. Yeye akacheka kuliko wote, akauliza neno sahihi, akalirudia mpaka akalipata, na kuanzia siku hiyo hakupita kwenye meza ile bila kuitwa.

"Huoni aibu?" Kamusi alimuuliza alipomsimulia.

"Baba watoto, nimekaa miaka ishirini na miwili na watu wa miaka sita," alisema. "Aibu niliiacha wapi hata sikumbuki."

Kamusi alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni.

Wanafunzi walianza kusimama mlangoni pale jikoni. Kwanza walisimama kusalimu, baadaye kumsahihisha matamshi, kisha wakawa wanakaa kabisa, wengine kwenye ngazi, wengine juu ya ndoo zilizopinduliwa. Wote walikuwa watu wazima, baadhi wenye wake na watoto waliowaacha makwao, na walikuwa na mengi ya kusema ambayo hawakuwa na wa kumwambia. Wakampa jina ambalo kwa lugha yao lina maana ya shangazi. Kamusi walimwita Mwalimu, kwa heshima, na wakampisha njia.

Akiwa chumba cha nyuma, amezungukwa na vitabu, alikuwa akisikia vicheko vikipita ukutani. Mwanzoni vilimkera kwa kelele. Baadaye akagundua kwamba vikinyamaza ndipo anapokereka zaidi, kwa sababu alijua wamenyamaza kumsikiliza mkewe.

Darasani mambo yalikwenda kwa utaratibu. Kamusi alisoma ukurasa alioandika, mkutubi akatafsiri, wanafunzi wakaandika. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeuliza. Kati yao alikuwapo mmoja mrefu, wa mwaka wa pili, aliyekuwa akianguka kila jaribio la Kigiriki mpaka Kamusi akamkatia tamaa.

Mwisho wa muhula aliketi kusahihisha mitihani, na karatasi ya yule mrefu ikamshangaza. Alikuwa amepita, tena vizuri. Swali gumu kuliko yote lilihusu nyakati mbili zilizopita za kitenzi, ule wa jambo lililokuwa likiendelea na ule wa jambo lililotukia likaisha. Yule mrefu alieleza kwa mfano: mtu akigonga mlango mara moja, ni wakati huu, mtu akiwa anagonga, anagonga, mpaka jirani naye anatoka, ni wakati ule. Kamusi alichukua karatasi ya pili, akakuta mlango. Ya tatu, mlango. Karatasi kumi na moja kati ya kumi na sita zilikuwa zinagonga mlango. Yeye darasani hakuwahi kuutaja.

Akamfuata mkutubi maktaba, akamkuta anabandika namba kwenye migongo ya vitabu.

"Huu mfano wa mlango umeuongeza wewe wakati wa kutafsiri?"

"Hapana, mwalimu," mkutubi alisema. "Huo ni wa Shangazi. Mbona wote wanaujua?"

"Shangazi? Mke wangu hajui Kigiriki."

"Anasema anakuuliza wewe mezani, halafu anawaeleza." Mkutubi akatabasamu, akidhani anamfurahisha. "Anawaambia kila mara, haya ni ya Bwana Karatasi mwenyewe, mimi nimeyakata vipande tu."

"Bwana Karatasi ni nani?"

Mkutubi akarudi kwenye namba zake kwa bidii kubwa. Kamusi alisubiri. Mwisho yule mtu alisema, bila kuinua kichwa, "Mwalimu, usiwachukulie vibaya. Ni kwa vile huwa unasoma."

Kamusi alirudi nyumbani akiwa kama mtu aliyemwagiwa maji. Alikumbuka sasa: kila mchana wakila, mkewe alikuwa akimuuliza, "Hivi kile kitenzi cha jana kilikuwaje?" naye alikuwa akijisikia raha, akieleza hadi chakula kinapoa, akiamini kwamba hatimaye mkewe anavutiwa na kazi yake. Kumbe alikuwa anachota. Maarifa yalikuwa yake, jasho lake la miaka, yakapitia mdomo wa mwingine na kule yalikokwenda yakapata mwenyewe mpya.

"Ulijua wananiita Bwana Karatasi?" alimuuliza.

Mkewe aliweka mwiko chini. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Kama miezi miwili. Nawe nyumbani si walikuwa wanakuita Kamusi? Nayo si karatasi tu?"

Alisema kwa utani, jinsi walivyozoeana. Lakini Kamusi hakucheka, na kwa siku nne alikula kimya. Alipoulizwa juu ya kitenzi chochote alijibu, "Kipo kitabuni."

Ukweli ni kwamba wivu ulikuwa umeshamwingia, na kwa kuwa hakuwa ameuzoea, hakuujua kwa sura. Aliuita uchovu, akauita ugeni, akauita hata uadilifu wa kitaaluma. Lakini mkewe akisifiwa, alibadilisha mazungumzo. Wakipita pamoja uwanjani na wanafunzi wakaita "Shangazi", yeye alihesabu ni wangapi waliomgeukia na yeye baadaye. Alianza kuyaona makosa ya mkewe ya lugha na kuyaandika kwenye daftari lake, kwa wino mwekundu.

Mwezi wao wa tisa pale mkutubi alipata ruhusa ya kwenda kufanyiwa upasuaji wa jicho, wiki tatu. Mkuu wa chuo hakusumbuka kutafuta mtu. Alikwenda moja kwa moja mlango wa jikoni, na Kamusi aliambiwa wakati mambo yameshakubaliwa.

"Ni wiki tatu tu," mkewe alisema. "Nitatafsiri nitakachoweza. Ukiona nimechemsha, nikanyage mguu."

Kamusi alisema sawa. Angesema nini?

Asubuhi ya kwanza darasa lilijaa mpaka waliokuwa na ruhusa ya kutokuja walikuja. Mkewe alisimama pembeni yake, amefunga kilemba cha kijani, mikono ameifumbata kama anavyosimama mbele ya watoto. Kamusi alisoma sentensi moja. Mkewe akasema sentensi tatu, akigonga meza mara moja, kisha akaigonga mfululizo, na darasa likacheka na kuinamia madaftari. Kamusi akasoma sentensi ya pili. Macho ya watu yalibaki kwa mkewe, yakisubiri. Akaona kitu ambacho hakukiona miezi yote tisa: watu wale walikuwa na nyuso. Yule mrefu alikuwa anauma kalamu na kutikisa kichwa kama mtu anayesikia wimbo anaoujua. Kumbe wanaweza kuwa hivi, alifikiri, na hawajawahi kuwa hivi kwangu.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hata leo akilikumbuka anafumba macho. Aliacha kusoma karatasi. Akainua kichwa na kuanza kusema Kiswahili cha kutoka chini ya kabati, maneno ya kitabuni yaliyopandana juu ya mengine, "unyambulishaji" ukiingia ndani ya "udumifu" na "udumifu" ukitanguliwa na "dhana tangulizi," sentensi ndefu isiyo na mahali pa kuvuta pumzi. Aliisema akitazama ukuta wa mbele, na alipomaliza akamgeukia mkewe kwa adabu, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.

Mkewe alimtazama. Hakuwa mtu wa kudanganyika. Alishakaa na watoto wanaomwaga wino makusudi na kujifanya kalamu ilivuja. Akawageukia wanafunzi, akasema maneno machache kwa lugha yao, taratibu. Darasa likanyamaza. Yule mrefu akamwangalia Kamusi, akainamisha macho haraka. Mkewe akamwambia, "Endelea, Mwalimu," na kipindi kikaisha hivyohivyo, kikavu.

"Uliwaambia nini?" Kamusi alimuuliza walipofika nyumbani.

"Niliwaambia hapo sijaelewa, na kosa ni langu."

"Mbona walinitazama vile?"

"Wana akili, baba watoto. Ni wanafunzi wako."

Angemgombeza, ingekuwa nafuu.

Mtu angedhani aibu ile ingemponya. Badala yake ikauchochea ule ugonjwa, maana sasa, juu ya kupendwa kuliko yeye, mkewe alikuwa amemfichia siri pia. Kuwa na deni la shukrani usilodaiwa ni mzigo mzito, na Kamusi aliubeba kwa kununa.

Wiki moja baadaye mkuu wa chuo alimwita tena ofisini. Alifuta miwani.

"Wachungaji wetu wanajua kuhubiri," alisema, "lakini wakipelekwa kwenye shule ya watoto ya Jumapili wanahubiri vilevile, na watoto wanalala. Nimefikiri tumpe mke wako somo lake. Jinsi ya kufundisha watoto. Saa nne kwa wiki, liandikwe kwenye ratiba, na jina lake liwe kwenye orodha ya walimu. Unaonaje? Nimeona nikuulize wewe kwanza."

Kamusi aliona orodha ile kichwani. Ilibandikwa kwenye ubao nje ya ofisi, na yeye alikuwa jina la saba. Akajisikia anasema, kwa sauti tulivu kabisa, "Ni wazo jema. Ila mke wangu hayuko vizuri kiafya. Kifua kinamsumbua. Hapendi kulisema. Daktari wa nyumbani alimkataza kazi ya kusimama."

"Ah," mkuu wa chuo alisema, na uso ukamwanguka. "Pole sana. Sikujua. Basi tuache."

Kamusi alitoka nje na kusimama penye pampu. Alijiambia kwamba amemwepushia mkewe uchovu. Alijiambia mara tatu.

Uongo ule haukudumu hata siku tano. Mkuu wa chuo, kwa wema wake, aliwaomba walimu kwenye maombi ya asubuhi wamkumbuke mke wa mwenzao. Alhamisi bibi wa lugha alifika na chupa ya dawa ya majani aliyoichemsha mwenyewe, akamketisha mkewe kwenye kiti cha jikoni, akamwekea sikio mgongoni na kumwamuru akohoe.

"Nikohoe kwa nini?" mkewe aliuliza.

"Kifua chako. Ndiyo maana umekataa kufundisha. Mkuu ametueleza yote."

Kamusi alikuwa chumba cha nyuma na alisikia kila neno. Lugha ile sasa aliielewa barabara. Alisikia mkewe akikohoa kidogo, kwa heshima ya bibi, na kumshukuru kwa dawa. Alisikia mlango ukifungwa, na nyayo zikija.

Mkewe aliingia na chupa mkononi, akaiweka juu ya daftari la wino mwekundu, akaketi juu ya sanduku la vitabu kwa kuwa chumba kilikuwa na kiti kimoja tu.

"Nifundishwe ugonjwa wangu," alisema. "Naumwa nini?"

Kamusi alifungua mdomo kueleza uchovu, ratiba, ugeni. Mkewe aliinua kiganja kama anavyofanya kwa mtoto aliyeanza kusema kwamba fulani ndiye aliyemsukuma.

"Miaka kumi na minane," alisema, "nimekaa kwenye viti vya mbele nikisikiliza watu wakinipongeza kwa kuolewa na Kamusi. Nilijivuna, sikununa hata siku moja. Nilipiga pasi mashati yako ya kwenda kusifiwa nayo. Hapa nimepata miezi tisa. Miezi tisa tu, tena ya kukaa mlangoni. Na hiyo ndiyo imekushinda?"

Sauti yake haikupanda. Machozi yalimtoka, akayapangusa kwa ncha ya kilemba, akaonekana kukasirishwa nayo.

Kamusi alitazama chupa. "Nakuonea wivu," alisema mwishowe. Lilikuwa neno dogo, la Kiswahili cha kila siku, na lilimtoka kwa shida kama mfupa.

"Najua. Nilijua siku ile uliponiambia kitenzi kipo kitabuni."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani utapona mwenyewe, kama mafua." Akasimama. "Sasa nenda ukaseme. Si ofisini kwa Kiingereza, mkiwa wawili na mlango umefungwa. Mkuu aliwaambia walimu wote, na wewe waambie walimu wote. Kwa lugha yao. Mkutubi hayupo, na mimi sikutafsirii."

Kikao cha walimu kilikuwa Jumatatu, saa mbili asubuhi. Kamusi alihudhuria vikao vile miezi yote bila kusema neno. Siku hizo tatu alizotumia kujiandaa aliandika maneno yake kwenye karatasi, akayasahihisha, akayasahihisha tena. Asubuhi ya Jumatatu aliiacha karatasi mezani. Hakuwa na uhakika kama ni ushujaa au alisahau tu kwa woga.

Alisimama baada ya maombi. Walimu wanane waligeuka kwa mshangao, maana wengine walikuwa hawajawahi kusikia sauti yake kwa lugha yao.

"Mimi nilisema uongo," alianza. Vitenzi vilimpinda, akaendelea navyo hivyohivyo. "Mke wangu hana kifua. Anacho kifua, lakini kizima." Mtu mmoja alikohoa ili asicheke. "Mkuu alitaka kumpa kazi. Mimi nilizuia. Mimi ndiye mgonjwa. Nina..." Akasimama. Neno hakulijua. Daftari zima, safu kwa safu, na hakuwahi kuliandika. "Mnasemaje," aliuliza, "mtu akiumia kwa sababu mwenzake anapendwa?"

Walimu watatu walilitaja kwa pamoja, bila kufikiri, kama watu wanaolijua tangu utotoni.

"Hilo," Kamusi alisema. "Ninalo hilo. Naomba mumpe kazi."

Akaketi, shati limemganda mgongoni. Kisha mwalimu wa historia ya kanisa, mzee mmoja mkali ambaye hakuwahi hata kumsalimu vizuri, alivuta kiti chake karibu na kumsahihisha: kitenzi chake cha pili kilikuwa na kiambishi cha wingi, kwa hiyo alikuwa amesema kwamba wao wote ndio waliozuia. "Ingawa," mzee aliongeza, "katika chuo hiki hujakosea sana."

Mkuu wa chuo hakufuta miwani siku hiyo. Aliivua, akaendelea na ajenda ya pili, iliyohusu paa la bweni.

Mkewe alianza somo lake muhula uliofuata, na kwenye ubao wakamwandika jina la kumi. Alihitaji darasa kubwa zaidi kufikia mwaka wa pili. Kamusi naye alianza kufundisha kwa lugha ya pale, akiwa amechelewa miezi mitano kupita ile sita aliyojitapia. Alikosea sana. Wanafunzi walimsahihisha, kwanza kwa woga, baadaye kwa starehe, na yule mrefu akawa hodari wa kazi hiyo. Hakuwahi kuwa mwalimu wa kuchekesha. Bado aliandaa kurasa nyingi, bado alipenda vighairi, lakini wanafunzi walikuwa wanamuuliza maswali sasa, na siku nyingine walimfuata mpaka mlango wa jikoni kuuliza mengine. Wakifika hapo, mara nyingi walimsahau na kukaa na mkewe.

Walikaa miaka sita. Waliporudi nyumbani, vijana wa kanisani walimwandikia Kamusi barua wakimwomba aje kuwaeleza kazi ya utume. Aliwajibu kwamba watakuja wawili, na kwamba mkewe apewe nafasi ya kwanza. Siku hiyo mkewe alisema dakika arobaini. Aliwaeleza macho sita yasiyopasuka, aliwaeleza wanafunzi waliokaa juu ya ndoo, na ukumbi ukacheka mpaka mpiga kinanda akatoka nje kupumua. Muda ukawa umekwisha. Mwenyekiti akamwomba Kamusi radhi, akampa dakika kumi. Alitumia saba.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Mkewe alikuwa bado amechangamka, anasalimu kila mtu barabarani, na Kamusi alitembea kando yake akiwa amebeba mkoba wa mkewe begani, mpaka walipovuka barabara kubwa.

"Imekuuma?" mkewe alimuuliza.

Alifikiri kwa uaminifu kabla hajajibu. "Imeniuma," alisema. "Lakini ulisema vizuri. Ile ya bibi na dawa ya kifua ungeieleza pia."

"Ile niliona nikuachie wewe," mkewe alisema. "Ukapewa dakika kumi, ukatumia saba kuongea vitenzi."